Rangi ya Sare

Mtu akitaka kujua jinsi shauri dogo linavyoweza kuwafarakanisha watu wema, na awape wanawake wa mtaa mmoja kazi ya kuchagua sare ya harusi. Mahari huweza kukubaliwa kwa kikao kimoja, na siku ya nikahi hutajwa baada ya mazungumzo mafupi. Lakini leso za sare huzungumzwa mwezi mzima, na hata baada ya mwezi huo hawakosi watakaorudi nyumbani na kinyongo. Wanaume aghalabu huliona jambo hili kuwa la upuuzi. Labda ni kwa sababu wao huingia msikitini kwa kanzu nyeupe, wala hakuna awaulizaye kwa nini ni nyeupe.

Katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, wanawake watatu walikabidhiwa kazi hiyo. Wa kwanza alikuwa shangazi yake bibi harusi, mwenye sauti na mwenye uwezo. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule, kijana, aliyependa kila jambo liwe na sababu. Wa tatu alikuwa ajuza aliyekuwa somo wa maharusi wengi wa mtaa ule. Yeye alitiwa katika shauri kwa heshima tu, na ilidhaniwa kuwa atanyamaza.

Walikwenda Biashara Street, mahali ambapo leso zimeuzwa kwa vizazi vingi, wakapanguliwa doti moja baada ya nyingine mpaka meza ya mwenye duka ikawa kama bustani iliyopigwa na tufani. Kuchagua leso si kuchagua rangi peke yake. Leso ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Pindo likipendeza, pengine mji haupendezi. Na vyote viwili vikipendeza, huenda jina likawa ni kijembe ambacho jirani fulani hatakosa kukidhani kimeelekezwa kwake. Doti moja nzuri sana ya manjano na chanikiwiti iliwekwa kando kwa sababu hiyo tu. Mwalimu alisema kuwa hakuna atakayesoma. Shangazi alimjibu kuwa hakuna atakayeacha kusoma.

Lugha yenyewe haimsaidii sana mtu katika kazi hii. Kiswahili kina rangi tatu tu ambazo zina sifa zake zenyewe na huchukua viambishi vya ngeli: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine nyingi zimeazimwa kwa vitu. Manjano ni kiungo cha mchuzi, kijani ni jani, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu za Waarabu, na damu ya mzee inajieleza yenyewe. Basi mtu anaposema anataka zambarau, mmoja huwaza tunda lililoiva na mwingine huwaza lile lililoanza kuiva jana. Shangazi alipiga picha ya doti ya zambarau kwa simu akaipeleka kwa jamaa walioko Maskati. Wakajibu kwamba samawati ile ni nzuri. Mwenye duka, ambaye ameyaona mengi, alichukua leso akaitoa nje juani, kisha akairudisha ndani chini ya taa, ili wajue kuwa nguo moja ina rangi mbili, na kwamba harusi yao itakuwa usiku.

Mpaka hapo ubishi ulikuwa wa macho. Ulibadilika pale shangazi aliposema bei, akaongeza kuwa asiyekuwa na sare asikae mbele.

Maneno hayo hayakuwa mapya. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vyama vya lelemama vya Mombasa vilishindana kwa ngoma, kwa karamu na kwa mavazi, na wanachama walitokea wamevaa namna moja ili upande wa pili uone wingi wao na umoja wao. Ndani ya vyama hivyo walikuwamo waungwana, na walikuwamo wazao wa watumwa. Nguo moja iliwafunika wote, na hilo lilikuwa jambo kubwa katika mji uliojua sana kuuliza nani ni mtoto wa nani. Walakini mashindano yale yalikula mali nyingi. Rangi iliyomwingiza mtu katika kundi ilimtaka pia ailipie kila mara kundi lilipobadili rangi.

Ajuza, ambaye hakuwa amesema neno, aliomba maji, akanywa, kisha akasimulia habari ya kaniki. Bibi yake alizaliwa wakati ambapo nguo ilikuwa ushahidi. Katika karne ya 19 merikebu za Marekani, hasa za Salem, zilileta pwani kitambaa kisichotiwa rangi, kikaitwa merikani kwa ajili ya asili yake. Kilipotiwa nili kikawa cheusi-cheusi, kikaitwa kaniki. Merikani na kaniki ndizo nguo walizovaa watumwa, na aliyezivaa hakuhitaji kuulizwa hali yake. Utumwa ulipofutwa kwa sheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliopata uhuru walizikimbilia leso za rangi. Hawakuhutubia mtu. Walijifunga leso yenye pindo, na mpita njia akakosa namna ya kuwajua.

“Bibi yangu alikuwa na kaniki moja mfuniko wa sanduku,” alisema. “Alifunikia nguo nyingine, lakini hakuivaa tena hata kwa kufagia uwanja.”

Mwalimu aliuliza hayo yanahusiana vipi na harusi. Ajuza akamtaja mwanamke wa mtaa wao auzaye maandazi asubuhi, ambaye katika harusi iliyopita alituma salamu kuwa ana homa. Wote walijua kuwa hakuwa na homa. Siku ile alionekana jikoni kwake akikanda unga, na sare ya harusi ile ilikuwa ya tatu katika mwaka mmoja. Shangazi alisema kuwa angeliambiwa angelimnunulia. Hapana shaka alisema kweli, kwani hakuwa mchoyo. Lakini kununuliwa sare na mtu atakayekaa mbele yako ni jambo jingine, na shangazi hakuwahi kuwa upande ule wa doti.

Ajuza aliomba iwe kisutu. Kisutu ni leso ya maharusi tangu zamani, ya rangi zile zile tatu ambazo lugha inazijua kwa majina yake, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Na mchoro wake umechapwa hivyo kwa miaka mingi pasipo mabadiliko makubwa. Kwa hiyo kila nyumba inacho. Kama si cha binti, ni cha mama. Kama si cha mama, kimo katika sanduku la nyanya, kinanukia udi. Asiyekuwa na fedha atatoa cha zamani, na apendaye kununua atanunua kipya. Shangazi alilalamika kuwa kisutu ni cha kawaida mno na kwamba wageni watasema nyumba imeshindwa kuchagua. Mwalimu, kwa mara ya kwanza, alikuwa upande wa ajuza. Basi ikawa kisutu, wakarudi nyumbani bila kununua kitu, na mwenye duka akakunja bustani yake.

Usiku wa harusi ulionyesha kuwa hata shauri jema halikosi upungufu. Chini ya taa za umeme visutu havikuwa rangi moja. Vipya vilikuwa vyekundu vya kuumiza macho. Vya miaka kumi vilikuwa kama tofali. Na kimoja au viwili vilikuwa vimefuliwa mpaka nyekundu yake imekaribia waridi. Mchoro ulisema kuwa wote ni wamoja, na kufifia kulisema nani alinunua lini. Mpiga picha alipoita watu wakae, wenye visutu vipya walijikuta mbele, hakuna aliyewapanga. Muuza maandazi alikuja kweli, katika kisutu cha marehemu mama yake, akaanza kusogea nyuma ukutani kabla hajaambiwa.

Ajuza alikuwa ameketi kitini mstari wa kwanza, na chake kilikuwa kimefifia kuliko vyote. Alinyosha mkono.

“Mwanangu,” akasema, “njoo ukae hapa ubavuni, nipate kuegemea. Kiti hiki hakina mgongo.”

Kiti kilikuwa na mgongo. Yule mwanamke alikitazama, akamtazama ajuza, akaja akakaa.