Injini ya Hiace ndani ya Hilux ya marehemu baba

Kabla jua halijachomoza vizuri, Mwaloni Kirumba huwa pameshaamka. Wachukuzi wanapishana na viroba mabegani, wachuuzi wanavutana bei, na harufu ya dagaa wakavu inamfikia abiria hata kabla hajashuka kwenye daladala. Kutoka soko hili la samaki, dagaa na sangara wa Ziwa Victoria husafiri mikoani na kuvuka mipaka hadi Rwanda, Burundi na Kongo. Mizigo ya mbali hupanda malori. Mizigo ya karibu, ya Kisesa, Magu au Misungwi, hubebwa na pikapu kuukuu, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko vijana wanaoziendesha.

Moja ya pikapu hizo ni Toyota Hilux ya mama mmoja mjane anayefanya biashara ya dagaa. Ilinunuliwa na mumewe, na kwa miaka mingi ndiyo iliyolipa ada za shule na kodi ya nyumba. Mumewe alipofariki, kijana wao mkubwa alishika usukani na maisha yakaendelea. Siku moja gari likachemsha likipanda kilima na mzigo. Kijana akaongeza maji na kusonga mbele. Wiki iliyofuata likachemsha tena, safari hii likagonga na kuzima. Injini ilikuwa imenoki.

Lilivutwa kwa kamba hadi gereji, jirani tu na nyumbani. Fundi alichomoa kijiti cha oili akakuta oili nyeupe kama maziwa, dalili kwamba maji yameingia. "Shikamoo mama," alisema mjane alipofika. "Hii ni ya kushusha."

Shemeji mtu alikuwa na ushauri mfupi: liuzwe kama chuma chakavu, fedha zigawanywe. Mama alikataa. Gari jingine hakuwa na uwezo wa kulinunua, na bila gari angelazimika kukodi kila wiki, faida yote iishie kwenye nauli ya mzigo. Kufanya ovaholi nako hakukuwa na uhakika, kwa sababu kichwa cha injini kilikuwa na ufa. Ikabaki njia moja: kutafuta injini nyingine inayokubaliana na gari lile.

Neno "inayokubaliana" ndilo lenye uzito. Injini za magari zina koo kama watu. Hilux ile ilitoka kiwandani na injini ya dizeli iitwayo 2L, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,446. Ndugu zake ni 3L yenye 2,779 na 5L yenye 2,986. Zote hazina tabo wala kompyuta, na bloku zake zinafungwa kwenye giaboksi kwa matundu yaleyale. Kwa hiyo 3L iliyotoka kwenye Hiace inaweza kukaa kwenye Hilux bila kukata chuma wala kuchomelea.

Kijana alitamani 1KZ, injini yenye tabo inayosifiwa kwa nguvu. Fundi alimtuliza. Ile ni ya ukoo mwingine: ingehitaji mauntini nyingine na mabomba ya tabo, na kama pampu yake inaongozwa na kompyuta, nyaya zote zingetakiwa zije nayo. Tena breki za gari ni zilezile za zamani. Kuongeza mbio bila kuongeza breki ni kutafuta msiba.

Hata hivyo, nguvu kidogo zaidi haikuwa anasa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Dereva anayepanda kilima na viroba vya dagaa huijua hasara hiyo kwa mguu wake wa kulia.

Kwa wakazi wa Mwanza, chombo cha zamani kupewa moyo mpya si jambo geni. Meli ya MV Victoria, iliyojengwa Scotland mwaka 1960, ilisimama mwaka 2014. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa, ikafungwa injini mpya, na mwaka 2020 ikarudi ziwani kusafirisha abiria kati ya Mwanza na Bukoba kwa jina la New Victoria. Kiwiliwili ni kilekile, kinachokisukuma ndicho kipya.

Kwenye duka la spea, fundi hakununua kwa macho. Alifungua kifuniko cha oili kuangalia kama kuna utelezi mweupe. Aliizungusha injini kwa spana asikie kama inashika mahali. Aliomba iwashwe pale pale chini, ikiwa baridi, kwa sababu injini mbovu ikipashwa moto kwanza huficha ugonjwa wake. Mwisho akasugua bloku hadi namba ya injini ikaonekana, akataka iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji.

Halafu akauliza swali ambalo familia haikulitarajia: "Mama, kadi ya gari iko wapi?"

Kadi ilikuwepo, imefungwa kwenye nailoni chini ya godoro. Jina lililoandikwa lilikuwa bado la marehemu.

Kadi ya gari hubeba namba ya chasisi, namba ya injini na ujazo wake. Injini ikibadilishwa, mwenye gari anapaswa kutoa taarifa TRA, baada ya gari kukaguliwa na polisi, ili kadi ilingane na kilichomo ndani ya boneti. Asipofanya hivyo, siku ya ukaguzi barabarani anaweza kuulizwa injini aliipata wapi. Ikiwa iliibwa mahali, risiti ndiyo ngao yake. Gari likipata ajali, karatasi zisizolingana zinaweza kuleta mvutano na kampuni ya bima.

Lakini marehemu hawezi kutoa taarifa. Ili kadi iguswe, alihitajika msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia ilikuwa imeliahirisha jambo hilo tangu msibani, kila mmoja akiona aibu kulianzisha. Sasa ilibidi wakae kikao, shemeji akiwemo. Kikao kilikuwa na maneno makali, lakini kiliisha kwa kumpendekeza mama, na muhtasari wake ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo.

Kufunga injini kulichukua siku mbili. Sampu ya Hiace haifanani na ya Hilux, kwa hiyo fundi alihamisha sampu na mauntini za zamani kwenye injini mpya. Alibadilisha taimingi belti kabla ya kuiingiza, kwani kwenye injini hizi belti ikikatika pistoni hugonga valvu na kazi yote huharibika. Alizibua rejeta iliyojaa kutu, akaweka themostati mpya na mipira mipya ya maji. Gharama hizi kijana aliziona ni nyongeza. Fundi alimkumbusha kwamba injini ya kwanza haikuuawa na uzee. Iliuawa na rejeta iliyoziba na mshale wa joto ambao dereva hakuuangalia.

Injini ilikaa kwa siku mbili. Mirathi ilichukua miezi. Katika muda huo Hilux ilisimama kwenye kivuli cha mwembe, imekamilika, na mama aliendelea kukodi gari la kubebea mzigo. Majirani walimshangaa. Yeye alisema hataki watoto wake warithi kesi.

Kadi mpya ilipotoka, ilikuwa na jina lake na namba ya injini ya 3L. Alfajiri iliyofuata pikapu ilirudi Mwaloni, ikapakiwa viroba, ikaondoka taratibu kuelekea Kisesa. Mama alikaa kiti cha pembeni, kadi ikiwa kwenye mkoba. Kila walipokaribia mlima alimgusa kijana wake begani na kumwonyesha mshale wa joto.