Wapime kwa Kazi, Mpwa Wangu

Kwa mpwa wangu kipenzi,

 

Mama yako ameniambia umekabidhiwa kazi ya kuajiri wahandisi wachanga, na kwamba bosi wako anataka upunguze rundo la maombi kwa kutazama jina la chuo. Usikubali, mwanangu.

Sikidharau Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Kimekuwa kikifundisha wahandisi tangu 1973, na wengi niliofanya nao kazi walikuwa hodari. Lakini jina la chuo linakuonyesha zaidi kijana alifaulu vipi kidato cha sita. Halikuambii atafanya nini lori la zege likishafika saiti, jua kali, na nyapara anamwomba ruhusa ya kuongeza maji ili zege limwagike kwa urahisi.

Basi mpime kwa hilohilo. Mpe koni ya slampu ya kupimia ulaini wa zege, fimbo ya chuma na toroli la zege, kisha usimame pembeni. Je, ameilowesha koni ndani na kuiweka mahali palipo sawa? Anajaza kwa tabaka tatu, kila moja akiishindilia mara 25? Anaivuta koni juu wima, bila kuizungusha? Zege likishuka kidogo kuliko ilivyotakiwa, muulize afanyeje. Anayekimbilia maji bila kuwaza uwiano wa maji na saruji atakuachia nguzo dhaifu, awe ametoka chuo chochote.

Wapo watakaokosea kwa sababu chuoni kwao koni moja iligombewa na darasa zima. Hao waonyeshe mara moja, halafu warudie. Anayeshika haraka mpe alama zake, kwani kazini atajifunza mengi kuliko aliyoyaleta. Hapa ndipo wasaili wengi huwapoteza vijana wazuri, na mimi jambo hili huniuma.

Alama zipangeni kabla ya usaili, maswali yawe yaleyale kwa wote. Kila mtahiniwa apewe namba, jina lake na la chuo chake yafunikwe. Wasaili wawe wawili, kila mmoja aandike alama zake kabla hawajazungumza. Achaneni na mafumbo ya kumbabaisha mtu. Saiti hakuna mafumbo.

Bosi akibisha, mkumbushe kwamba hata Bodi ya Usajili wa Wahandisi haimpi mtu hadhi ya Mhandisi Mtaalamu kwa shahada peke yake. Husajiliwa kwanza kama mhitimu, kisha hutakiwa kufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua mitatu. Mweleze pia kuhusu Frank Schmidt na John Hunter, waliokusanya mwaka 1998 matokeo ya utafiti wa miaka 85 kuhusu ajira: kumjaribu mtu kwa kazi yenyewe kulitabiri utendaji wake vizuri kuliko kuhesabu miaka aliyosoma. Kama bado hajaridhika, mwekee mezani karatasi za alama.

Jambo moja usilisahau: nauli. Kijana wa Mbeya au Kigoma asiye na ndugu Dar hawezi kuja kupimwa kwa pesa ya kukopa. Kampuni imlipie basi na malazi, na iandikwe hivyo kwenye tangazo lenyewe, aisome kabla hajakata tamaa ya kuomba.

Ni mimi mjomba wako,
Tanga