Nani katuma barua zote hizi?

Ukiendesha seva ya barua pepe ya ofisi, swali hili litakufikia siku moja. Kwangu lilifika wakati barua za kampuni fulani zilipoanza kukataliwa na seva za nje. Mkubwa wa ofisi tayari alikuwa na jina mdomoni: karani wa mapokezi.

Lango lao la barua ni Proxmox Mail Gateway, programu huria tangu 2018. Takwimu zimo kwenye kurasa zake za wavuti, lakini mimi hupenda kuandika amri. Ingia kama root, kisha:

pmgsh get /statistics/sender

Pmgsh huzungumza na API ile ile inayotumiwa na kurasa hizo. Jibu huja kwa JSON: kila anwani iliyotuma barua nje, idadi ya barua, baiti na virusi. Usipotaja muda utapata saa 24 zilizopita. Ukitaka siku nyingine, ongeza --starttime na --endtime, kwa sekunde zinazohesabiwa tangu 1 Januari 1970.

Kweli, anwani ya karani ndiyo iliyoongoza. Lakini anwani si mtu! SMTP ya mwaka 1982 haikuweka njia ya kuthibitisha mtumaji. Yeyote aweza kuandika jina la mwenzake. Nikafuata nambari ya IP kwenye logi, ikanifikisha kwa tarakilishi ya stoo iliyojaa virusi. Karani alibaki na kazi yake.

Basi wenzangu, takwimu hukuonyesha pa kuanzia kutafuta tu. Msimfukuze mtu kwa sababu yake.