Chungwa na Uzi

Nawasalimu nyote, mlio hapa Uingereza, mlio Maskati na mlio nyumbani Unguja. Nimeombwa niandike machache, nami nitasimulia habari ya ramani.

Mjukuu wangu mwenye miaka tisa alirudi skuli amenuna. Walikuwa wameambiwa kila mtoto achore dunia kwa kichwa, kisha atie alama pahala walipotoka wazee wake. Alichora Uingereza katikati, kubwa kama jamvi. Afrika akaiweka chini, ndogo kama mswala. Unguja hakuichora kabisa.

"Bibi, nimeitafuta kwenye ramani ya ukutani, haimo. Wenzangu wanasema nimeizua."

Neno lile lilinichoma, lakini sikuweza kumlaumu. Mimi nilisoma Unguja miaka ya 1950, na ramani yetu ilikuwa na nchi zilizotawaliwa na Waingereza zimepakwa rangi ya waridi. Nilitaja mito ya Uingereza bila ya kukosea, na hali sijapata kufika Makunduchi.

Nikampa chungwa na kalamu, achore nchi zote juu yake. Kisha nikalimenya, tukajaribu kulitandaza ganda mezani. Likapasuka.

"Unaona, mume wangu? Dunia ni mviringo. Anayetaka kuilaza kwenye karatasi hana budi aivute pahala."

Nikamweleza kuwa Mercator alipochora ramani yake mwaka 1569, alitaka mabaharia washike njia bila ya kupotea. Ikambidi azivute nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Ndiyo maana katika ramani hiyo Greenland huonekana kama inalingana na Afrika, na kumbe Afrika inaizidi kiasi cha mara 14. Na Unguja, yenye urefu wa kilomita 85 hivi, kwenye karatasi ya dunia nzima ni nukta tu, na mchoraji huweza kuiacha. Kuachwa ramanini si kutokuwapo.

Halafu nikachukua uzi. Nikauvuta kutoka Suri mpaka Unguja: njia aliyokuja nayo babu yangu kwa jahazi, upepo wa kaskazi ukivuma. Nikavuta uzi wa pili, Unguja mpaka hapa: njia niliyoishika mimi baada ya 1964, sijawaaga hata majirani.

Mtoto akanyamaza, kisha akauliza, "Mbona hujaniambia siku zote hizi?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani namkinga na machungu, kumbe ndimi niliyemfutia Unguja kabla ya ramani ya skuli.

Basi wazee wenzangu, nawaomba. Skuli itawafundisha watoto bara na bahari. Njia tulizopita sisi hakuna mwalimu azijuaye. Watoto wakija sikukuu, toeni ramani na uzi, muwasimulie tungali hai.

Wassalamu,
Bibi yenu