Safari ya Mwali na Usiku wa Kasa

Bibi yetu alizaliwa Ngazija akafia Unguja, na katika uhai wake wote hakuacha kutuhadithia habari za mlima unaokohoa. Utotoni tulidhani ni ngano za kutulazia. Tulipokua tukasoma kuwa mlima huo upo kweli, unaitwa Karthala, una kimo cha mita 2,361, na bado unakohoa. Katika likizo fupi ya Septemba Mwenyezi Mungu alitujaalia kwenda kuuona, sisi wazazi wawili na watoto wetu watatu, pamoja na familia mbili za jamaa zetu. Nia yetu haikuwa kuishia Ngazija. Tulikuwa tumekodi boti ya kutuzungusha siku sita hadi Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vya Komoro, ambako nyangumi, popo wakubwa na kasa wangali wanaishi kwa ujirani na watu.

Anayetoka pwani yetu si mgeni sana Moroni. Adhana ni ile ile, harufu ya langilangi na karafuu ni ile ile, na akina mama wa sokoni wamejipaka liwa usoni kama walivyokuwa wakijipaka mabibi zetu. Lugha yao na yetu ni ndugu, ila ndugu hao wakati mwingine hawaelewani. Mdogo humwamkia mkubwa kwa neno "kwezi", naye mkubwa hujibu "mbona". Mwanetu mkubwa, mwenye miaka 14, alipomwamkia mzee mmoja akajibiwa hivyo, alidhani anaulizwa kosa lake, akaanza kujitetea. Tulicheka hadi mzee naye akacheka.

Kaskazini kidogo ya mji ni Itsandra, alikozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumayt mwaka 1861. Ndiye aliyekuja kuwa kadhi wa Zanzibar na kufia huko mwaka 1925. Tulisimama ufukweni pale tukamwombea dua, kisha tukawaeleza watoto kwamba sehemu ya elimu waliyoirithi kwa walimu wa babu zao ilivushwa kwa bahari hii hii.

Ngazija yenyewe ni jiwe jeusi. Lava iliyomiminika kutoka mlimani imegandia mpaka baharini, na juu yake watu wamejenga nyumba, misikiti na mashamba. Kwa kuwa jiwe hilo lina matundu, mvua hunyesha kwa wingi ikazama yote, wala hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Watu huvuna maji ya mvua katika mabirika. Novemba 2005 Karthala ulitema majivu yakatua juu ya mapaa na kuingia katika mabirika hayo, na maelfu ya watu wakakosa maji safi. Shangazi mmoja wa ukoo wetu, ambaye tulikuwa hatujawahi kuonana naye, alitwambia kuwa maji ya kutawadhia yalikuwa kama uji wa mkaa. Alilisema hilo huku akitupakulia mataba, yaani kisamvu cha nazi, kwa utulivu wa mtu anayesimulia habari za jirani msumbufu ambaye hawezi kuhama.

Katika makumbusho ya Moroni watoto walimwona gombessa, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu enzi za madinosari, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na wa pili Nzwani, Desemba 1952. Wavuvi wa Komoro hawakushangaa sana, kwani walikuwa wakimjua. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao wamempata katika nyavu zao.

Tulipanda boti Chindini, ncha ya kusini ya kisiwa. Ilikuwa ya mbao, yenye injini mbili na sitaha iliyofunikwa turubai, na nahodha wake mtu wa Mwali. Tuseme wazi kwa ajili ya familia zitakazofikiria safari kama hii: tulipewa pia boti ya bei nafuu zaidi, isiyo na majaketi ya kuokolea, tukaikataa. Upepo wa kusi ulikuwa umepungua lakini haujaisha, na mkondo ulio kati ya visiwa hivyo ni wa bahari kuu. Katika saa ya kwanza watu wazima wanne walitapika. Watoto, la ajabu, walikuwa wakila mihogo ya kukaanga.

Saa ya pili nahodha akazima injini zote mbili bila kutuaga. Hatukuelewa sababu mpaka tuliposikia pumzi. Ilikuwa pumzi nzito, ya kifua kikubwa kuliko chombo chetu, kisha ukungu wa maji ukaruka na mgongo mweusi ukapita taratibu. Nyangumi wa nundu hutoka bahari za baridi za kusini mwa dunia, na kati ya Julai na Oktoba hufika katika maji haya ya uvuguvugu kuzaa na kunyonyesha. Huyu alikuwa na ndama wake. Nahodha hakuwasogelea, alisema mama akiona chombo kinamfuata humhimiza mtoto aogelee, na mtoto bado hajapata mafuta ya kumtosha. Basi tukaachwa tuyumbe. Muda wa Adhuhuri ulikuwa umeingia, tukajumuisha na kupunguza, wengi wetu tumekaa kwa sababu ya mawimbi. Kibla kule ni kaskazini, kwa kuelekea magharibi kidogo. Tukiwa katika rakaa ya pili tulisikia tena ile pumzi, kwa mbali.

Mwali ni kijani pale ambapo Ngazija ni nyeusi. Moto wake ulizimika zamani, udongo umeiva, na vijito vinashuka kutoka mlimani. Tulitia nanga mbele ya Nioumachoua, ambako visiwa vidogo vimetawanyika kama mashungi ya mawe juu ya maji, tukalala huko siku mbili, wanaume botini na akina mama na watoto katika mahema ufukweni. Eneo hili ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2001, ya kwanza katika nchi nzima, na mwaka 2015 ilipanuliwa hadi nchi kavu. Kilichotuvutia ni kwamba masharti yake yalijadiliwa na vijiji vyenyewe: wapi pavuliwe, wapi pasivuliwe, na wavu upi usitumike. Mvuvi mmoja aliyekuja na ngalawa kutuuzia changu alituorodheshea masharti hayo kwa vidole, na jingine akalilalamikia mbele yetu, kisha akasema analifuata.

Siku ya tatu tulipanda mlima kutoka Ouallah kwenda kuwaona popo. Goti la mmoja wetu liligoma katikati ya njia, nasi hatutasema ni la nani. Popo huyo, anayeitwa wa Livingstone, hapatikani popote duniani ila Mwali na Nzwani, na waliobaki wanakadiriwa kuwa zaidi ya elfu moja kidogo tu. Mabawa yake yakikunjuliwa yanakaribia mita moja na nusu. Tuliwaona wananing'inia mtini mchana kweupe kama miavuli iliyokunjwa, kisha mmoja akajiachia akaelea juu ya bonde bila kupiga bawa. Kiongozi wetu, ambaye ni mkulima, alisema miti hii mikubwa ikikatwa ili pandwe migomba, popo hawana pa kulala, na wasipokuwapo hakuna wa kutawanya mbegu za miti hiyo.

Lakini tulikwenda Mwali kwa ajili ya Itsamia, kijiji cha ncha ya mashariki, na habari yake ndiyo iliyotufanya tuandike.

Kwenye fukwe za Itsamia kasa uziwa hupanda kutaga karibu kila usiku, mwaka mzima. Wanaowalinda ni watu wa kijiji wenyewe. Mlinzi aliyetupokea, mzee mwenye kofia iliyochakaa, alitupa masharti yake baada ya Isha: tusiwashe taa ya aina yoyote, tusizungumze, tusisimame mbele ya kasa, na tusimkaribie mpaka atakapoanza kutaga. Tukaitikia sote. Tukakaa mchangani.

Alitoka baharini kama jiwe lililoamua kutembea. Alivuta mwili hatua moja, akapumzika, akavuta tena, akipumua kama mzee anayepanda ngazi. Alikuwa amefika kwenye mchanga mkavu, hatua kama ishirini kutoka tulipokuwa, simu ya mwanetu ilipowaka. Hakupiga picha. Kioo chake tu ndicho kilichong'aa, labda kwa kitambo cha kuhesabu mpaka tatu. Kasa akasimama. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akageuka, akaanza kurudi alikotoka kwa hatua zile zile za taabu, mpaka wimbi likamfunika.

Mzee hakugomba. Alisema tu, "Kaondoka na mayai yake." Alitueleza baadaye kwamba huenda angepanda tena usiku ule ule au kesho yake, lakini kasa akisumbuliwa mara kwa mara huweza kuyaachia mayai majini, yakapotea.

Mwanetu hakula usiku ule. Nasi tusimsingizie. Ni sisi tuliomwambia kabla ya kuondoka nyumbani kwamba asikose picha ya kasa ya kumwonesha nyanya yake, na ni sisi tuliomwona ameshika simu mkononi tukanyamaza. Tumewasomesha watoto wetu kwamba Suratul An'aam imewataja wanyama kuwa ni umma. Tumewasomesha pia kisa cha Nabii Sulayman kutabasamu kwa maneno ya chungu. Kisha tukaingia nyumba ya umma mwingine kama watu waliolipia tamasha.

Usiku wa pili tulitia simu zote katika mfuko mmoja tukamkabidhi nahodha abaki nazo botini. Tukakaa gizani tangu Isha mpaka baada ya saa sita. Mwanetu alichagua kukaa mbali kuliko wote, karibu na mzee, mikono ameikalia. Mdogo wao alilala mapajani. Katika kungoja huko mzee alinong'ona mambo mengi. Alisema wako watu wanaokuja kwa boti usiku, humpindua kasa chali na kumchinja kwa ajili ya nyama, ilhali wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafii wamehesabu nyama hiyo kuwa haramu. Alitikisa kidevu kuelekea mashariki, iliko Nzwani, akasema nyuma yake ndiko Maore, inayotawaliwa na Ufaransa, na kwamba ndugu wawili wa mkewe walipanda boti ya magendo kwenda huko kutafuta riziki, hawakufika wala hawakurudi. Hakuongeza neno. Tuliitikia kwa istirjai, kila mtu kimoyomoyo, na bahari ikaendelea kupiga.

Alipopanda wa usiku ule hatujui kama ni yule wa jana, wala mzee hakudai kujua. Alichimba kwa mapezi ya nyuma, moja baada ya jingine, yanavyochota mchanga mithili ya kiganja. Alipoanza kutaga, mzee alimwita mwanetu kwanza, kabla yetu sisi sote. Mayai yalidondoka mawili mawili, meupe, ya mviringo kama mipira ya tenisi ya mezani, zaidi ya mia moja. Binti yetu alinong'ona kuwa kasa analia. Mzee akamweleza kuwa ni chumvi anayoitoa mwilini kwa njia ya macho, naye binti akasema hata hivyo analia. Kisha akafukia, akatandaza mchanga kwa muda mrefu kuliko aliotumia kutaga, akaondoka. Vitoto vitatoka baada ya miezi miwili hivi, na yeye hatakuwapo.

Wataalamu wamewafunga baadhi ya kasa wa visiwa hivi vyombo vinavyofuatiliwa kwa setilaiti, wakawakuta wamevuka hadi Madagascar na hadi pwani za Msumbiji na Tanzania, kwenye malisho yao ya majani ya bahari. Tuliposikia hivyo tulitazamana. Sote wawili tumewahi kumwona, tukiwa wadogo, kasa amelazwa chali juani kwenye diko la nyumbani, mapezi yanapapasa hewa, na hakuna mtu mzima aliyesema kitu. Ami yetu angali anatega jarife maji hayo hayo. Tulikubaliana kwamba tukifika nyumbani tutamtembelea.

Alfajiri tulisali jamaa mchangani, mzee akatuongoza. Tulipomaliza nyiradi kulikuwa kumeanza kupambazuka, na alama za kasa zikaonekana wazi, pana kama za tairi la trekta, za kupanda na za kushuka. Mzee alivunja tawi la mti akaanza kuzifagia ili atakayepita baharini asijue kiota kilipo. Mwanetu alimtazama kidogo, akaenda kutafuta tawi lake.