Mlolongo Ulionipa Ukatibu

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Sisi wa Lamu hatuhitaji kufafanuliwa. Ukienda Matondoni utawaona mafundi wakihangaika na mashua moja kwa miezi kabla haijaonja maji. Lakini viongozi wa Chama chetu cha Kiswahili tulikuwa tukiwaunda kwa dakika kumi!

Nilipokuwa kidato cha pili, tuliwachagua kwa kupiga mlolongo nyuma ya wagombea. Wazee wetu wanaujua mtindo huo. Ulitumika katika kura za mchujo za KANU mwaka 1988, ukalalamikiwa hadi ukaachwa. Shuleni kwetu ulikuwa bado hai.

Ukatibu tuligombea wawili: mimi, mtoto wa mjini, na mwenzangu wa bwenini aliyetoka Siyu, kisiwani Pate. Hati yake ilikuwa nzuri na insha zake zilisomwa darasani. Mwalimu mlezi aliposema, "Haya, jipangeni," jamaa zangu wa mtaani walijazana nyuma yangu. Nyuma yake walisimama wanne. Wa tano alikuwa njiani kwenda kwake, akautazama mstari wangu, akageuza njia. Mwenzangu aliliona jambo hilo. Nami nililiona, nikacheka.

Nikakabidhiwa daftari la kumbukumbu, basi. Katibu aliyetangulia alikuwa keshamaliza shule, na hakuna aliyenionyesha kazi. Mkutano wa kwanza niliandika kila neno hadi vichekesho. Wa pili sikuandika kitu.

Kisha tukaamua kualika shule moja ya Pate kwa mjadala. Nilishuka jetini Jumamosi nikamuuliza nahodha mmoja habari za maji. Akanambia, "Mwanangu, leo mai yajaa saa moya asubuhi." Nikafurahi, nikaandika barua: wageni waondoke Siyu saa moja asubuhi, Jumamosi ijayo, mjadala uanze saa nne.

Msomaji wa visiwani ashaona kosa langu. Kujaa kwa maji husogea kwa dakika 50 hivi kila siku. Baada ya wiki moja, saa ya kujaa huwa imekuwa saa ya kupwa. Na Siyu chombo hupita katika mkono wa bahari ulio kati ya mikoko. Maji yakipwa, hakitoki.

Saa nne ikafika, saa sita ikapita. Pilau ikapoa. Wanachama wakaanza kutawanyika mmoja mmoja. Wageni walifika alasiri, wamelowa na wamechoka, wakakuta viti vitupu. Mwalimu wao hakutugombeza. Alisema tu, "Tulingoja maji." Ningependa angenigombeza.

Jioni mwenzangu wa Siyu alinisaidia kukusanya sahani. Akanambia, "Ungeniuliza mimi." Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mstari mrefu nyuma yangu, lakini hakuna hata mmoja humo aliyejua nisilolijua.

Katika mkutano uliofuata niliomba radhi, na kosa langu nikaliandika mwenyewe katika kumbukumbu. Kisha nikatoa hoja mbili. Kwanza, tupige kura ya siri, kama Katiba ya mwaka 2010 inavyotaka katika uchaguzi wa nchi. Pili, wanaochaguliwa wakae muhula mzima karibu na wanaoondoka: katibu mpya aandike kumbukumbu na wa zamani azisahihishe, mweka hazina ahesabu pesa mbele ya mashahidi wawili, mwenyekiti aongoze mjadala mmoja akitazamwa. Wengine walinung'unika, "Mambo mengi!" Lakini hoja zilipita.

Uchaguzi uliofuata sikusimama. Nilikunja karatasi yangu nikaitia katika kisanduku cha chaki. Niliyempigia ni siri yangu, ingawa msomaji wa Siyu huenda akabahatisha. Muhula ule wote tulikaa dawati moja, mimi nikionyesha namna ya kupanga ajenda, yeye akinifundisha kuhesabu maji.