Mguu wa Kulia

Wengi hudhani ndege huongozwa kwa mikono tu. Lakini chini kuna pedali mbili zinazogeuza usukani wa mkia: ukikanyaga ya kulia, pua huelekea kulia. Zangu za kompyuta nilizifunga kwenye ubao mzito, maana sakafu ya saruji hapa nyumbani Bariadi inateleza. Kisha nikaionyesha programu mwisho wa kila pedali. Mguu wangu wa kulia, uliodhoofishwa na polio utotoni, haufiki mwisho. Programu ikapokea pale ulipofika. Na ndio unaohitajika hasa, kwani Cessna 172 ikiongezewa nguvu ili ipae, huvuta kushoto. Jana niliruka kutoka uwanja wa Mwanza, pua ikabaki katikati ya njia. Mke wangu akauliza mbona natokwa jasho.